Umekuja na Gesi?

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na gesi?"

Nilikuwa nimeshuka tu garini, kwapani nimebana jalada lenye fomu ya usimamizi shirikishi, kurasa kumi na moja, kila ukurasa umejaa viboksi vya kuweka vema. Ilikuwa 2018, mwezi wangu wa tatu wilayani Mbulu, na hiyo ndiyo zahanati ya kwanza niliyotumwa kuitembelea bila mkubwa wangu. Tuliondoka mjini alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya vitunguu swaumu, tukateremka kuelekea bondeni kwa barabara ya udongo mwekundu iliyoteleza mpaka dereva akaacha kuongea. Mama yule, muuguzi na mfawidhi wa zahanati, alikuwa na miaka hamsini na ushei. Fomu yangu hakuitazama. Alizunguka nyuma ya gari, akaona tairi la akiba na dumu la mafuta, akaona mtungi haupo, akanikaribisha ndani ninywe chai.

Sikuwa na gesi. Sikujua hata kama kuna mtu ananingoja na gesi.

Umeme ulikuwa haujafika pale, na jokofu la chanjo lilikuwa la gesi. Juu ya mlango wake ilibandikwa chati ya joto inayojazwa asubuhi na jioni. Niliifuata kwa kidole: 4, 5, 4, 5, 6, halafu 9, halafu mistari mitupu. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mama alipohisi mtungi umekuwa mwepesi, alipanga vichupa vyote kwenye kibebeo, akavizungushia barafu, akampa kijana wa bodaboda avipeleke zahanati ya jirani yenye jokofu la umeme wa jua. Kimoja alikibakiza kwa makusudi. Alikishika kwa ncha za vidole, akakielekeza dirishani, akanionyesha alama iliyochapwa kwenye lebo: duara, na ndani yake mraba mdogo. Mraba ukiwa mweupe, chanjo ni nzima. Ukianza kufanana rangi na duara, unatupa. Mraba ule ulikuwa umeshakuwa wa zambarau, sawa na duara.

"Huu ndio mtihani wangu," akasema. "Sina haja ya kusubiri mkaguzi."

Bodaboda ilikula shilingi elfu kumi na tano kwenda peke yake. Na kila siku ya kliniki ya watoto ilibidi chanjo zifuatwe tena asubuhi, zirudishwe jioni. Alilipa kwa fedha zake. Alikuwa na daftari la shule, gamba lake limechakaa, ameandika humo tarehe, safari na kiasi. Lilikuwa daftari la madeni ambayo serikali haikujua kwamba inadaiwa.

Fedha zilikuwepo, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazipitii tena mikononi mwa wilaya. Gesi ilikuwa kwenye mpango wa zahanati, mstari wake, kiasi chake, robo yake. Lakini mfawidhi aliyetangulia alihamishwa, na benki ilikuwa bado inatambua sahihi yake yeye. Kubadilisha mtia sahihi kunataka barua ya mkurugenzi, na barua ya mkurugenzi inataka mtu wa kuiandaa. Mtu huyo ni mimi. Ombi lake lilikuwa mezani kwangu, trei ya kushoto, wiki ya tano. Nilikuwa nimelipokea kutoka masjala, nikalisoma, nikaandika pembeni "Nimeona", nikaweka tarehe.

Niliandika barua ile usiku uleule tuliporudi. Ilikuwa na aya mbili. Ilinichukua dakika kumi.

Watu wengi wakisikia mimi ni katibu wa afya hudhani ni mtu wa kuchukua muhtasari wa vikao. Muhtasari tunachukua, ndiyo. Lakini katika Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya ya halmashauri, ambamo mganga mkuu ndiye kiongozi na wapo mfamasia, muuguzi mkuu, bwana afya na wengine, katibu wa afya ndiye asiye na mgonjwa. Hapimi, hachomi sindano. Mikononi mwake kuna ikama, likizo, malimbikizo ya mishahara, magari, majengo, ununuzi, bajeti, bodi ya afya, na kila karatasi ambayo isipotembea kuna mtu mahali fulani atasimama. Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, wanatoa shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya, na vyuo vingine vina kozi za jamii hiyo. Nami nilipita njia hizo. Sina ugomvi na walimu wangu. Uchumi wa afya, epidemiolojia, sheria ya ununuzi, uhasibu: hakuna somo ambalo sijalitumia. Ila mtihani uliniuliza nieleze hatua za kuandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, nikazieleza zote kwa mpangilio, nikapata A, bila kujua kwamba hatua ya mwisho ni mtungi kupakiwa garini.

Barua ya benki nayo ilinifundisha jambo jingine. Ilibidi mama aje mjini mwenyewe, na kitambulisho na picha zake, akatie sahihi mbele ya karani. Zahanati nzima ilikuwa na yeye na mhudumu mmoja wa afya. Akija mjini, nani anazalisha? Nilikaa na dereva tukapanga gari la usambazaji wa dawa lipite kwake asubuhi, limlete, siku hiyohiyo akabidhi ripoti ya mwezi, akutane na mfamasia, na jioni arudi na mtungi. Mtu wa kumshikia zamu tulimwazima kituo cha jirani. Saa nne za kupanga, simu saba, na hakuna hata moja iliyohitaji shahada. Kilichohitajika ni kumwona yule mama kama mtu mwenye siku moja tu kwa siku.

Baada ya hapo nilinunua daftari la kurasa mia mbili, nikaandika kila kituo, watia sahihi wake, nani anakaribia kustaafu, nani ana likizo ya uzazi mbele. Barua ya uhamisho ikitoka, barua ya benki inatoka siku hiyohiyo na kwa kumbukumbu namba inayofuatana. Kuna mwenzangu alinicheka, akaniambia siku hizi kuna mifumo ya kompyuta. Ipo, naitumia kila siku, na ununuzi wenyewe sasa haupiti nje ya NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Lakini sijaona mfumo unaokuamsha usiku kukuambia kwamba mfawidhi fulani ameondoka na funguo.

Na funguo si mfano tu. Kwenye kituo kimoja nilikuta sanduku la maoni la bati, rangi ya bluu, limepigiliwa ukutani kwa misumari minne, na kufuli. Nikaomba tulifungue tusome wananchi wanasemaje. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyehamia mkoa mwingine miaka miwili nyuma. Tulipovunja kufuli tulikuta makaratasi matatu: moja la kusifu, moja la kuomba choo kirekebishwe, na moja ni risiti ya duka. Choo kilikuwa kimeanguka tayari.

Hata hivyo, sanduku lile lingefunguliwa kila Jumatatu lisingekuwa na mengi. Mbulu na wilaya jirani ya Hanang ni sehemu ambayo lugha za asili tofauti kabisa zinakaa ubavu kwa ubavu: Wairaqw na Kikushi chao, Wabarabaig na Kiniloti, Wanyiramba na Wanyisanzu na Kibantu, na bondeni Yaeda Chini Wahadzabe na lugha yao yenye midoko. Bibi wa Kiiraqw anayeongea Kiswahili cha sokoni tu hawezi kuandika malalamiko yake kwenye karatasi. Atamwambia mhudumu anayefagia, ambaye ni mtoto wa jirani yake. Kwa hiyo siku hizi nikifika kituoni, baada ya mfawidhi, mtu wa pili ninayeongea naye ni yule anayefagia.

Mama yule aliniuliza na jambo la pili siku ile. Alifungua kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, namba 5, cha wagonjwa wa nje, mistari imejaa mpaka pembezoni, akasema: "Kila mwezi kabla ya tarehe 7 nawaletea jumla zenu. Tangu nianze kazi sijaona hata moja ikirudi."

Nilijua zinakwenda wapi. Zinaingizwa kwenye kompyuta wilayani, mkoa unaziona, wizara inaziona. Kurudi, hapana, sikujua zinarudi vipi. Nikakumbuka habari za Rufiji na Morogoro Vijijini, ambazo darasani tulizisoma kama historia ya kale. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya hizo mbili. Timu za wilaya zilipewa picha rahisi: upande huu, yale yanayoua watu wenu, upande ule, mnakoweka fedha zenu. Kwa Morogoro, malaria ilikuwa inachukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, na inapewa asilimia 5 ya bajeti. Hakuna aliyewahi kukusudia iwe hivyo. Bajeti ilikuwa inanakiliwa tu kutoka mwaka uliopita. Nyongeza waliyopewa haikufika hata dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka, lakini walipoanza kupanga kwa kuitazama picha ile fedha zikahamia kwenye maradhi yenyewe, na Rufiji vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Mengine nayo yalichangia bila shaka. Ila mimi nilichokishika ni ile picha.

Basi nikachukua jumla za mwaka mzima za zahanati ile, nikazichora kwa kalamu za rangi kwenye karatasi ya manila, nikaipeleka. Mama aliitazama akiwa amesimama. Nimonia kwa watoto ilianza kupanda Juni, ikafika kileleni Julai, ikashuka baada ya Agosti. "Hilo nalijua," akasema, "ni baridi." Nikaona kazi yangu imekuwa bure. Kisha akaniuliza: "Sasa kama na nyinyi mnalijua, kwa nini amoksisilini ninayoletewa mwezi wa sita ni sawasawa na ya mwezi wa kwanza?" Tulikaa tukajaza upya fomu ya oda, ile inayotangulia baridi. Kile ambacho Bohari ya Dawa ingekosa tukakiandikia maombi mapema ili kinunuliwe kwa mshitiri, msambazaji binafsi aliyeidhinishwa, tusisubiri watoto waanze kuhema ndipo tutafute barua. Karatasi ya manila ilibaki ukutani. Mwaka uliofuata alichora mwenyewe.

Mwaka 2021 nilihamia Hanang. Nilipita Dongobesh, nikalala Haydom, nikaendelea Basotu mpaka Katesh, Mlima Hanang ukiwa mbele yangu karibu njia nzima.

Haydom nimelala mara nyingi, na kila mara napenda kutembelea karakana ya hospitali kabla ya kuona wodi. Hospitali ile ya Kilutheri ilianzishwa na wamisionari wa Norway, ikafunguliwa 1955, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na barabara ya maana wala umeme, kilomita 80 hivi kutoka Mbulu mjini. Dk. Ole Halgrim Evjen Olsen aliyefika mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliiongoza kwa miongo. Watu humsimulia kama daktari, na haki yake. Mimi hutazama vitu vingine vilivyojengwa kuizunguka tiba yenyewe: karakana, nyumba ya wajawazito kusubiria siku zao ili wasishikwe na uchungu porini, uwanja wa ndege ndogo ambazo zimekuwa zikipeleka kliniki kwa watu wa mbali, chuo cha wauguzi. Kila kimojawapo ni jibu la swali la usimamizi. Mama mjamzito anatoka mbali na mto umejaa: utamleta siku ya uchungu, au utamweka karibu wiki mbili kabla? Wauguzi wa mijini hawataki kukaa huku: utawalilia, au utawasomesha vijana wa huku? Fundi mmoja mzee aliniambia gari la wagonjwa haliharibiki ghafla, linatoa taarifa wiki tatu kabla, ila linampa dereva, na dereva hajaulizwa. Nimelirudia neno hilo kwenye vikao mpaka wenzangu wamechoka nalo.

Hanang ilinifundisha kwa njia ya kuchekwa.

Tulikuwa tunahamasisha CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji upande wa Basotu, chini ya mgunga, mtendaji wa kijiji akinitafsiria kwa Kibarabaig. Nilikuwa na bango zuri na sauti nzuri. Nilipomaliza, mzee mmoja aliinuka, shuka begani, fimbo mbele, akaongea polepole, na watu wakaanza kucheka kabla mtendaji hajatafsiri.

"Anasema ana wake watatu na watoto kumi na wanne. Anauliza: akitoa elfu thelathini, mke yupi alale nje?"

Nilicheka na wenzangu ili nipate nafasi ya kufikiri. Nikajibu kwamba kila nyumba ya mke ihesabiwe kaya yake. Mzee akatikisa kichwa, akauliza la pili. Watoto chini ya miaka mitano serikali si imesema wanatibiwa bure? Mbona fomu yenu inawahesabu ndani ya wale sita? Hapo sikuwa na jibu. Nililiandika swali kwenye daftari mbele yake, nikamwambia nitalipeleka mkoani. Nililipeleka kweli, na nilipopita tena nilimweleza walivyosema, ingawa majibu yenyewe hayakumridhisha yeye wala mimi.

La tatu hakuliuliza mzee, nililiona mwenyewe baadaye ofisini, katika mafaili yaliyofungwa kamba kwenye kona ya masjala. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga 1996, sheria yake ikapitishwa 2001, na Hanang ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kabisa kuingia baada ya Igunga. Wale wazee walishawahi kuwa na kadi. Walilipa, wakafika kituoni, wakaambiwa dawa hakuna, au wakawa wamehama na mifugo wakati kadi inatambulika kituo kimoja tu. Nami nilikuwa nimesimama chini ya mti nikiwaeleza kitu kipya. Isitoshe, kwa mbali nyuma yao kulikuwa na mashamba ya ngano. Hayo yalianzishwa na shirika la umma, NAFCO, kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yakachukua malisho ya Wabarabaig, na kesi zake zikafika mahakamani. Kijana anayeshuka kwenye gari la serikali na fomu ya kuandikisha kaya za watu asidhani anaanzia ukurasa mtupu.

Tulibadili mambo mawili. Uandikishaji tukauhamishia mnadani, asubuhi watu wakiwa wameuza mbuzi na fedha iko mkononi. Na kabla ya kuandikisha kata yoyote, mfamasia alipita kwanza kwenye stoo za vituo vyake akahesabu dawa kopo kwa kopo, na pale palipokuwa patupu tukaahirisha. Hili la pili lilinipa taabu na wakubwa, kwa sababu lengo la uandikishaji lilikuwa na tarehe. Niliandika dokezo, nikaeleza, likarudi na maswali, nikaandika jingine. Kuandika dokezo fupi linaloeleweka kwa mtu mwenye haraka ni ustadi mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Wahitimu wengi wanaoletwa kwetu wanaandika kurasa nne, na ombi lenyewe liko kwenye ukurasa wa nne.

Mzee yule aliandikisha nyumba mbili mnadani. Ya tatu alisema baada ya mavuno.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili. Asubuhi ile tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80, wengine wengi wakajeruhiwa, shule zikageuka makambi. Waganga na wauguzi walifanya kazi ambayo sitajaribu kuieleza, maana sikuwa na kisu wala uzi. Jeshi lilikuwa kwenye tope. Mimi nilikuwa na peni.

Kufikia jioni yake kulikuwa na orodha tatu za watu: moja mapokezi, moja walipolazwa walioletwa mwanzo, moja kwa wanaosimamia makambi. Jina lilelile lilikuwa limeandikwa mara mbili kwa herufi tofauti, maana jina la Kiiraqw akiliandika Mchaga na akiliandika Mnyaturu ni majina mawili. Ndugu walikuwa wanakimbia kutoka mlango hadi mlango, matope mpaka magotini, wakiuliza jina moja. Tukaketi watu wanne, tukachukua karatasi za manila, tukaandika orodha moja kwa herufi kubwa: jina, jina la baba, kijiji, yuko wapi, amepelekwa wapi na saa ngapi. Wasioweza kusema jina tukaandika umri wa kukadiria na nguo. Tukaibandika nje, chini ya taa, na kila saa mmoja wetu akatoka kuisahihisha. Watu walisimama mbele yake kimya. Wengine walipata walichokitafuta, wengine wakasoma mpaka chini, wakaanza tena juu.

Siku zilizofuata misaada ilianza kuingia, na dawa zikiwemo. Kila boksi lilifunguliwa, likahesabiwa, tarehe ya mwisho ikasomwa, likaingizwa kwenye leja kama kitu kilichonunuliwa. Mtu mmoja alinung'unika kwamba tunachelewesha huruma za watu. Nilimwonyesha makopo yaliyobakiza wiki tatu kuisha muda, akanyamaza, akachukua kalamu akasaidia.

Sasa kila mwaka wanaletwa kwangu wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wamevaa vizuri, laptop begani. Zamani niliwapa mafaili wayapange. Siku hizi nawapa kazi moja: wafuate kichupa kimoja cha oksitosini. Ni sindano ya kuzuia mama asitokwe na damu baada ya kujifungua, na yenyewe inataka baridi kama chanjo. Wanaanzia kwenye fomu ya ripoti na ombi ya zahanati, wanaona nani aliijaza na alikadiria vipi. Wanaifuata kwa mfamasia wa wilaya, wanaona ilivyoagizwa Bohari ya Dawa, ilivyokuja pungufu, nani aliandika barua kwa mshitiri. Wanapanda gari lililoisambaza, wanauliza mafuta yalitoka kifungu kipi na masurufu ya safari yalirejeshwa lini. Wanafika stoo, wanalinganisha leja na rafu. Wanafungua jokofu, wanasoma chati. Mwisho wanakwenda chumba cha kuzalishia, wanamwuliza muuguzi wa zamu: saa nane usiku, mama anatoka damu, utanyoosha mkono wapi?

Wengine hurudi baada ya siku mbili wameandika jedwali zuri. Mwaka juzi binti mmoja alirudi siku ya nne, viatu mkononi, akaniambia jokofu la kituo alikofikia liko kwenye chumba kinachofungwa usiku, na anayebaki zamu hana funguo. Hakuwa ameandika ripoti bado. Alikuwa amekwenda kwa fundi wa sokoni, akachongesha ufunguo wa pili kwa shilingi elfu tatu, kwa idhini ya mfawidhi, akamkabidhi muuguzi wa zamu kwa kusainiana. Nilimwuliza fedha alitoa wapi. Akasema yake, na akatoa risiti. Nililipeleka dokezo la kumrejeshea siku hiyohiyo.

Mama wa bondeni alistaafu. Jokofu lake siku hizi ni la umeme wa jua, na mtungi wa zamani unapikia chai ya watumishi.

Ewe uliyepangiwa huku, ukija mwezi wa saba, chukua sweta; baridi ya Mbulu haina mchezo. Na siku utakapopewa gari kwenda zahanati yako ya kwanza, kabla dereva hajawasha, mpigie mfawidhi simu umwulize umletee nini.